Shangazi wa Bustani: kabla hujashika dawa, shika kigoda

Haya wapenzi, barua za mwezi huu nusu yake zinaanza vilevile, "Shangazi naomba dawa ya kupulizia", na mi kila nikifika hapo nacheka manake wengi mnataka kuua kitu ambacho hata jina lake hamjalijua. Mnaonijua mnajua masharti yangu: kigoda, chai yako, daftari la mtoto lililobaki kurasa, unakaa dakika 15 bustanini unaangalia, halafu ndo tuongee. Twende.

Shangazi shikamoo. Jana saa 8 mchana nyuki wengi sana wamekuja na kujikusanya kwenye tawi la mwarobaini wetu, yani wamening'inia kama kikapu. Mume wangu anataka kuwachoma usiku kwa mafuta ya taa. Tuna watoto wawili na mbuzi. Nisaidie haraka. – Mama wawili, Mbagala

Marahaba mwanangu. Mwambie baba watoto arudishe hayo mafuta ya taa jikoni. Hilo ni kundi la nyuki linahama, na amini usiamini hao waliojining'iniza hivyo ndo wapole kuliko nyuki utakaowakuta siku nyingine yoyote, manake hapo hawana sega, hawana watoto, hawana asali ya kulinda, wameshiba asali waliyobeba matumboni na malkia wao yuko katikati ya hilo fundo wamemzunguka. Kuna sababu mbili hivi za kuhama. Moja mzinga umejaa, malkia mzee anaondoka na sehemu kubwa ya kundi anawaachia wengine nyumba pamoja na malkia mpya. Ya pili wameudhika tu, njaa, siafu, moshi, mtu kawavuruga, wanabeba virago wote. Nyuki wetu wa Afrika kwa hiyo ya pili ndo wenyewe, hawabembelezi.

Sasa hapo kwenye mwarobaini ni kituo tu. Ukikaa mbali, hatua 20 na zaidi, utaona kuna wachache wanatoka wanaruka wanarudi, hao ni wapelelezi wanatafuta nyumba, na hicho ndo kitu cha kukutia wasiwasi we, sio lile tawi. Nyumba wanayoitafuta ni tundu lenye giza: dari lako, boksi la mita ya umeme, spika mbovu iliyotupwa nje, ndoo ya rangi yenye mfuniko uliopasuka. Leo hii tembea kuzunguka nyumba uzibe matundu ya dari kwa wavu au simenti. Kundi mara nyingi linaondoka lenyewe baada ya masaa kadhaa au siku mbili tatu. Likizidi hapo, au wakiingia darini, tafuta afisa nyuki wa halmashauri yako, yupo, watu wengi hawajui kama halmashauri ina mtu wa nyuki, au mfugaji aliye jirani, atakuja na mzinga mtupu na atakushukuru maana kundi la bure hilo.

Watoto wasirushe mawe. Na huyo mbuzi mfungue kamba! Hili naomba kila mtu alisikie, kwenye hizi ajali za nyuki wanaoumia sana ni mbuzi na mbwa waliofungwa, hawana pa kukimbilia. Nyuki mmoja akikuuma ung'oe mwiba hapohapo, kwa kucha, kwa kadi ya benki, kwa chochote, usikae kutafuta namna nzuri ya kuung'oa maana kile kifuko kinaendelea kusukuma sumu. Kisha ondoka hapo, kwa sababu ule mwiba unatoa harufu ya kuwaita wenzake, inafanana na harufu ya ndizi mbivu, wafugaji wanaijua hiyo harufu wanakimbia wakiisikia. Wakikufuata kimbia moja kwa moja uingie ndani ufunge mlango, usisimame kupunga mikono. Mtu akiumwa akaanza kuvimba midomo au kupumua kwa shida usimpake kitunguu, hospitali dakika hiyohiyo.

Shangazi, maboga yangu yanatoka madogo kama yai halafu yanageuka njano yanaoza kwenye ncha yanadondoka. Nimeweka mbolea, nimepulizia dawa ya wadudu mara 3, namwagilia kila siku asubuhi saa 1 kwa mpira. Bado. – Msomaji, Kigamboni

Mwanangu hapa kila ulichofanya umekifanya kwa bidii na karibu chote kimekuumiza, pole.

Mboga maboga ina maua ya aina mbili kwenye mmea mmoja. La kiume lina kikonyo kirefu chembamba, la kike lina kiboga kidogo chini yake tayari. Kile kiboga unachokiona mwanzoni si kwamba boga limeshika, ni ovari tu inasubiri. Chavua ya boga ni nzito na inanata, upepo hauwezi kuipeleka popote, lazima mdudu aibebe kutoka kwa baba kumpeleka kwa mama, na sio mara moja, nyuki wapite na wapite. Wasipopita vya kutosha kiboga kinageuka njano, kinaoza ncha, kinadondoka. Ndo ugonjwa wako huo. Hauna dawa ya dukani.

Sasa angalia saa. Ua la boga linafunguka alfajiri na likifika karibu na mchana limeshajikunja, halifunguki tena kesho, ni nafasi moja ya maisha. Hapo katikati, kwenye saa 12 mpaka saa 4 asubuhi ndo soko la nyuki limechangamka, na we saa 1 uko hapo na mpira unamwagia juu ya maua! Nyuki gani ataingia kwenye bafu. Mwagilia jioni, chini kwenye mizizi. Hiyo dawa uliyopuliza mara 3 sijui ulipuliza saa ngapi, lakini kama ilikuwa asubuhi basi uliwaua wale wachache waliokuwa wanakuja kukusaidia. Ukilazimika kabisa kupuliza basi puliza jua likizama, ua limefunga na nyuki wamerudi kwao.

Halafu nina swali moja la umbea. We unachuma majani ya maboga kupika? Na maua? Maana najua watu wangu, ua la boga na nazi na karanga ni kitu kitamu mno, lakini wengi wanachuma yote manjano wanayoyaona, na maua ya kiume yanatangulia kutoka, yanaweza kutangulia hata wiki, kwa hiyo unakula mababa wote kabla mamama hawajafika. Chuma, lakini bakiza.

Kazi yako kesho: saa 12 na nusu kaa kwenye kigoda mbele ya maua 5, hesabu kwa dakika 15 ni wadudu wangapi wameingia kwenye ua la kike. Ukipata sifuri siku 3 mfululizo, fanya mwenyewe. Chuma ua la kiume, toa yale majani ya njano ubaki na kile kijiti chenye unga, kipake taratibu katikati ya ua la kike, ua moja la kiume linatosha makike 2 au 3. Na pembeni panda mrehani uuache utoe maua, usiuchume wote kwa ajili ya wali. Kwangu mrehani ukichanua saa 3 asubuhi unasikia mlio kabla hujaona mdudu.

Shangazi kuna linyuki jeusi kubwa linatoboa kenchi za banda langu la pasheni, unga wa mbao unamwagika chini kila siku. Fundi kasema nipige dawa kwenye matundu nizibe. – Baba wa pasheni, Morogoro

Fundi anajua mbao, pasheni hajui. Huyo ni nyuki seremala, na jike ndo anayetoboa. Tundu la duara safi kabisa kama limepigwa na drili, upana wa kidole. Hali mbao huyo, ule unga anautupa. Ndani anachimba njia, anaweka donge la chavua na asali, yai juu yake, ukuta wa unga wa mbao, donge lingine, yai, ukuta, hivyohivyo, vyumba vimepangana kama gesti. Na kama umeona mwingine wa manjano mwenye manyoya anaelea hewani mbele ya uso wako kama anataka ngumi, huyo kwa aina zetu nyingi ni dume, hana mwiba kabisa, ni kelele tu, mwache ajisikie.

Sasa nenda kakae kwenye maua ya pasheni uangalie nani anakuja. Lile ua vile lilivyo, sehemu za chavua zimening'inia juu kwa mbali, nyuki wa asali akiingia chini kunywa hagusi kitu, na akija kwa chavua anakomba anaondoka nayo, mwizi kabisa. Seremala akiingia mgongo wake unasugua pale juu barabara, anatoka na mstari wa unga mgongoni, anaenda ua lingine anaupaka. Kipimo chake na cha ua vinaendana kama kifungo na tundu. Kama pasheni yako ni ile ya zambarau inaweza kujichavusha yenyewe kwa kiasi, na maua yake yanafunguka alfajiri. Kama ni ya njano, hiyo inafungua mchana kwenye saa 6 inafunga jioni, na haikubali chavua yake yenyewe, inataka ya mmea mwingine usio ndugu yake. Ukiua maseremala wote jiandae kila siku saa 7 mchana na jua lote la Morogoro kupita ua kwa ua na brashi.

Fanya hivi, kenchi zipake rangi au oili chafu maana anapenda mbao tupu, kavu, laini. Lakini kabla ya hapo mfungie kwenye nguzo za banda gogo kavu la mwembe na vipande vya mianzi, ahamie huko. Matundu ya zamani usizibe mpaka uhakikishe hamna mtu ndani.

Asalaam aleikum shangazi. Mimi nimezaliwa Muscat, bibi yetu ni wa Pemba ndo alonifundisha Kiswahili. Kwenye mlimau wa bibi kuna sega moja tu limening'inia nje wazi, nyuki wake wadogo wekundu-wekundu. Bibi anasema Pemba nyuki hawakai hivi, hawa wagonjwa? – Mjukuu wa Pemba, Muscat

Waaleikum salaam mwanangu, na mpe bibi shikamoo yangu. Bibi kasema kweli, Pemba hawakai hivyo, nyuki wetu wa huku wanataka tundu lenye giza na masega mengi yamepangwa. Hao wa kwenu ni nyuki mwingine kabisa, Waomani wanamwita abu tuwaiq, na hiyo ndo nyumba yake halali, sega moja kama kiganja limezungushwa kwenye tawi, hamna paa. Wazima kabisa.

Nimekuonea wivu maana we unaweza kuona kitu ambacho mi huku siwezi bila kufungua mzinga. Kuna mtaalamu wa Austria, Karl von Frisch, ndo aligundua kwamba nyuki wakirudi nyumbani wanacheza ngoma ya kuwaonyesha wenzao chakula kilipo, akapewa Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili. Nyuki wetu wanaicheza gizani kwenye sega lililosimama wima, kwa hiyo lazima watafsiri, juu inakuwa badala ya jua. Abu tuwaiq anachezea pale juu palipo bapa, sega lilipozunguka tawi, na anachezea mchana kweupe, akitikisa kiuno anaelekea moja kwa moja upande wa chakula. Yani kama anatikisa akielekea ukuta wa jirani, chakula kiko nyuma ya ukuta wa jirani! Kaa asubuhi kabla jua halijawa kali, umbali wa mita 2, usipumulie sega, nguo nyeupe. Na kagua tawi pande zote mbili za sega utaona wamepaka kitu kinanata kama utomvu, hiyo ni mitego ya sisimizi. Mkate hilo tawi kwa sababu ya watoto? Msikate. Wekeni tu kamba kuzunguka mlimau, na hao wakisumbuliwa wanahama haraka sana.

Shikamoo shangazi. Mimi nipo form three Moshi. Jioni nimekuta nyuki 7 wamekufa kwenye kijiti kikavu karibu na nyanya za mama, wameng'ata kijiti kwa meno, miguu imekunjwa. Asubuhi wametoweka. Ni sumu au nini? – Mwanafunzi, Moshi

Marahaba mjukuu, barua yako nimeisoma mara 2 kwa furaha. Hawajafa. Wamelala!

Hao ni madume ya nyuki wapweke, yani wasioishi kundi kwenye mzinga, wale wenye mistari tumboni, saa nyingine ya bluu-bluu. Jike amechimba shimo lake ardhini analala humo. Dume hana nyumba, jua likizama anatafuta kijiti, anaking'ata, anafunga taya, anakunja miguu, analala hivyo mpaka asubuhi, na mara nyingi wanarudi kijiti kilekile kila siku, na kila mtu na nafasi yake, wakisukumana kidogo kama wanafunzi wa bweni. Usimwambie mama aking'oe.

Na hapo kwenye nyanya kuna habari kubwa zaidi. Ua la nyanya halimwagi chavua ovyo, imefungiwa ndani ya kijibomba cha njano chenye kitundu kwenye ncha kama kopo la chumvi. Nyuki wa asali hajui kulitikisa, utamwona hana muda nalo. Hawa wako, majike yao, wanalikumbatia ua, wanalegeza mabawa, halafu wanatetemesha misuli ya kifua na chavua inamwagika. Sikiliza: anaporuka mlio ni mzito, akishika ua unapanda ghafla unakuwa mwembamba, zzziii kifupi, halafu mzito tena. Kwenye ua alilopita utaona alama za kahawia za meno. Vitabu vya Ulaya vitakuambia kazi hiyo ni ya nyuki fulani wakubwa wenye manyoya, bumblebee, usihangaike kumtafuta Moshi, Afrika kusini mwa Sahara hatuna huyo kwa asili, tuna hawa wako na maseremala.

Kazi: chukua daftari, andika tarehe, saa, jua au mawingu, kijiti kina wangapi. Usiku ukitaka kuwaona funga karatasi nyekundu ya plastiki kwenye tochi, nyekundu nyuki haioni vizuri. Piga picha ya ubavu, ya uso, na ya juu mabawa yakionekana, picha 1 ya mbali haisaidii mtu. Ukipata bando ziweke iNaturalist, mtandao wa kuweka picha za viumbe, wapo watu huko watakusaidia jina. Baada ya wiki 3 niandikie tena, namba zako nitaziweka hapa.

Shangazi, kuna kandege kadogo kanang'aa kijani kila asubuhi kanapiga kioo cha pembeni cha gari kwa mdomo, mpaka kioo kimejaa mavi. Mama mkwe anasema tumetupiwa kitu. – Bi harusi mpya, Tanga

Bi harusi, hongera kwanza. Huyo ni chozi, dume. Anamuona dume mwingine kwenye kioo, mwenye rangi nzuri kama yake, hakimbii, hachoki, kila akimpiga anapigwa, kwake hiyo ni vita ya mpaka. Hapo karibu ana kiota au anatafuta jike. Nakubashiria una haibiskasi nyekundu au shubiri imechanua hapo maegesho, si ndio? Maua mekundu marefu ni meza ya chozi, nyuki wanayapita.

Mtafutie kiota kwa macho tu, kinaning'inia kama soksi chafu, mlango ubavuni, wanapenda kuning'iniza karibu kabisa na nyumba, hata kwenye waya wa taa ya barazani. Nahisi kwa sisi wa Tanga ni bora hivyo maana hawa kunguru wetu wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, hawaachi yai wala kinda. Ukikiona usimuonyeshe kila mgeni.

Kuhusu gari, kila ukipaki vika vile vioo viwili mfuko. Wa kitambaa, soksi kuukuu ya mzee pia inafaa. Baada ya wiki chache vita vitaisha. Na mama mkwe usibishane naye, mtolee kigoda saa 1 asubuhi umkalishe pale na chai ya tangawizi amuone mwenyewe anavyojipiga.